Koha haijui kuwa jicho na macho ni kitu kimoja

Juzi kikaoni nimeambiwa tena: "Si mmeshaweka Koha? Wakutubi wote hawa wa nini, na kompyuta inatafuta yenyewe?" Nimeyasikia hayo tangu tulipoachana na kadi za katalogi tukahamia Koha, programu ya kompyuta inayotunza rekodi za vitabu vya maktaba na kuvitafuta. Safari hii nayajibu kwa maandishi.

Teknolojia hatuiogopi. Koha yenyewe ilizaliwa maktabani: maktaba za Horowhenua, New Zealand, ziliona mfumo wao wa zamani hautauvuka mwaka 2000, wakatengenezewa mwingine ulioanza kazi Januari 2000, kisha wakauachia dunia bure. Jina ni la Kimaori, maana yake zawadi. Sava, chelezo, skana za misimbopau, yote tunayamudu, sitakaa hapo.

Kinachoniudhi ni hiyo "inatafuta yenyewe".

Kijana mmoja alikuja dawatini, amekata tamaa. Ameandika "ugonjwa wa mgomba", jibu likaja sifuri. Nikainuka naye mpaka rafu ya 634.772, penye ndizi, nikamtolea kijitabu cha Kiswahili kinachoeleza hasa alichokuwa akikitafuta. Kosa lake lilikuwa moja tu: jalada limeandikwa "magonjwa" na "migomba".

Mifumo hii ilitungwa na watu ambao lugha yao hubadilisha neno mkiani. Ukikata mkia, umoja na wingi vinakutana. Kiswahili hubadilika kichwani. Weka kinyota (*), alama inayoiambia kompyuta ikubali mwisho wowote, baada ya "ugonjwa" uone kama "magonjwa" itakuja, haiji. Basi kata mbele, utafute chochote kinachoishia na "gonjwa". Hapo unapata ugonjwa na magonjwa, lakini mgonjwa na wagonjwa nao wameingia, na mtu wa migomba anasomeshwa habari za wodi. Na hiyo ndiyo mifano myepesi. Jicho na macho utawakutanisha kwa kukata wapi? Ulimi na ndimi? Ubao na mbao? Mtoto wa darasa la tatu anajua ni kitu kimoja. Faharasa ya Koha haijui mpaka mtu aiambie.

Mtu huyo ni mkutubi. Rekodi nyingi tunazinakili kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, na ni msaada mkubwa, ila mada za uga wa 650, yaani sehemu ya rekodi inayotaja kitabu kinahusu nini kwa maneno ya orodha rasmi, zinakuja kwa Kiingereza. Kwa hiyo nafungua kila rekodi ya kitabu cha Kiswahili, nashuka hadi uga wa 653, ulio wa maneno huru ya mada, naandika kwa mkono: ugonjwa, magonjwa, mgomba, migomba. Kitabu kimoja, dakika tano hadi kumi. Kizidishe kwa rafu nzima, halafu uniulize tena wakutubi ni wa nini.

Kuna wanaosema akili mnemba imemaliza tatizo. Ni kweli inaelewa umoja na wingi. Lakini kila wiki naletewa orodha ya makala iliyotungwa na mashine, majina mazuri, miaka imekaa sawa, na makala yenyewe hayajawahi kuandikwa na mtu yeyote. Nusu saa yangu inakwenda kuthibitisha kwamba kitu hakipo.

Wasiwasi ninao, na sitauficha. Uga wa 653 hauna udhibiti: mimi naandika "ukimwi", mwenzangu wa zamu ya jioni anaandika "UKIMWI na VVU", na wa tatu ana lake. Tungehitaji orodha moja ya vichwa vya mada kwa Kiswahili, tukubaliane wote. Tumeanza yetu wenyewe, tumeshabishana kama kichwa kiwe umoja au wingi, na msimamo wangu nimeugeuza mara mbili. Kwa sasa nimo upande wa wingi, kwa kuwa majalada mengi yameandikwa hivyo. Lakini yule kijana aliandika umoja, na tangu siku ile sina uhakika tena.

Rekodi za kilimo tumezimaliza. Jumatatu tunaanza za afya, na huko "mgonjwa" na "ugonjwa" wamejaa rafu nne.