Nailoni ya kitalu nyumba: jua limeila, au uliuziwa feki?

Mkulima wa nyanya wa Tengeru alitandaza juu ya meza yetu ya maabara vipande viwili vya nailoni, vyote vya kitalu nyumba kimoja. Kimoja alikifukua kwenye mtaro, lile pindo linalofukiwa udongo: laini bado. Kingine kilitoka juu, pale nailoni inapogusa bomba la chuma. Ukikikunja kinapasuka kama ganda la kitunguu. "Mtaalamu, nimepigwa?"

Kwa macho huwezi kujua. Nailoni hii ni plastiki iitwayo polithini, na polithini tupu haistahimili jua: miale ya urujuanimno hukata minyororo ya molekuli zake, oksijeni ikamalizia. Kiwandani huongezwa viimarishi, yaani kemikali za kuikinga, mara nyingi gramu chache tu kwa kilo ya plastiki. Nailoni isiyo navyo hung'aa vilevile siku ya kununua, na hapo ndipo mjanja anapobania.

Watu huisifia mashine, lakini jasho letu linaishia kwenye kuvitoa viimarishi ndani ya plastiki. Tunaiyeyusha nailoni kwenye toluini ya moto, kisha tunamimina alkoholi. Plastiki inajitenga mabonge mabonge kama maziwa yaliyokatika, viimarishi vinabaki kwenye maji yake. Ukiharakisha, vingine vinanasa kwenye mabonge, na majibu yako yatamsingizia mwenye kiwanda mwaminifu.

Maji hayo huchujwa na kuingizwa kwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika. Pampu inayasukuma, pamoja na asetonitraili, ndani ya safu: bomba la chuma lisilozidi urefu wa rula, lililoshindiliwa punje laini za silika zenye utando kama wa mafuta. Kinachopenda mafuta zaidi hukawia zaidi, kwa hiyo kila kiimarishi hutoka kwa zamu yake. Mlangoni kinamulikwa kwa urujuanimno, na kadiri kinavyoinyonya ndivyo kilele kinavyopanda kwenye skrini. Tunalinganisha na kilele cha kiimarishi halisi tulichokipima wenyewe. (Kinyonya miale kiitwacho UV-328 tunakitazama kwa jicho lingine: mwaka 2023 kiliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa.)

Kipande cha mtaroni kilitoa vilele viwili safi, cha kizuia oksidi na cha kinyonya miale. Kile cha juu kilitoa vivimbe tu. Ningekuwa na hicho peke yake ningesema feki, na ningekosea. Viimarishi hutumika vikaisha. Ukituletea sampuli, usisahau pindo la mtaroni.

Lakini mbona viliisha mapema hivyo? Lipo kundi jingine la viimarishi, la amini (kemikali zenye nitrojeni), ambalo kwa mwanga ule wa urujuanimno halionekani vizuri. Hupimwa kwa njia nyingine. Ndilo linaloibeba nailoni ya kitalu nyumba miaka, na adui yake ni salfa, ile dawa ya ukungu. Ikikaa juu ya nailoni na kupigwa jua huzaa asidi, asidi ikaziua amini.

Nikamuuliza anapiga salfa mara ngapi kwa ajili ya ubwiri unga. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akamaliza mkono wa kwanza, akahamia wa pili.