Kuhama mtandao na kutandua mtandao

Wiki iliyopita, kwenye kijiwe cha kahawa Bondeni hapa Moshi, kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anatusomea habari kutoka kwenye simu yake. Jiji moja huko Marekani limechoka na mtandao wake wa zamani wa data, ule usiotumia waya ambao polisi na zimamoto wanautegemea wakiwa barabarani. Linataka kuubadilisha, na hesabu inatajwa kwa mamilioni ya dola. Watu wakaguna. Mzee mmoja, kashata mkononi, akauliza, "Mamilioni ya nini? Si wanunue laini nyingine, wahame mtandao kama tunavyohama sisi?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Hawakumcheka mzee, waliicheka Marekani.

Mimi sikucheka. Nimekwea minara miaka 14 kwa mshahara, mkanda kiunoni na spana mfukoni, na hili neno mtandao limenichosha kuliko ngazi zenyewe. Tulitoe njiani haraka. Mtandao ni vitu vingi vilivyounganishwa hadi vikaweza kupelekeana kitu. Mtandao wa data wa vikosi vya dharura ni minara, masafa ya redio, nyaya zinazotoka nyuma ya minara, mitambo inayoongoza na vifaa vilivyomo ndani ya magari, vyote vimefungwa pamoja ili polisi wa doria, zimamoto na gari la wagonjwa wapate anwani, ramani, picha au namba ya gari bila kuulizana kwa mdomo. Sauti ina njia yake, ile redio ya upepo inayokoroma begani mwa askari. Data ni maandishi na picha. Maana imeishia hapo.

Kinachonikera ni jinsi neno hili lilivyogeuzwa gunia la kutupia kila kitu. Bando likiisha, "mtandao hakuna." Kompyuta ya ofisini ikigoma, "mtandao uko chini." Mtu akitukanwa Facebook, "ametukanwa mtandaoni." Akitaka kuachana na kampuni yake ya simu, "nahama mtandao." Mambo manne tofauti kabisa, neno moja. Kisha zimamoto wakisema mtandao wao umezeeka, kila mmoja anasikia kile anachokijua yeye, na anayejua laini anasikia laini.

Turudi kwenye kitenzi. Kutanda. Asubuhi Moshi mawingu yakitanda, Kibo haionekani, na mgeni aliyefika usiku anaweza kuapa kwamba hapa hakuna mlima. Giza hutanda. Buibui akimaliza kazi yake pembeni ya dari anatuachia utando. Wali ukikaa motoni unaacha utandu chini ya sufuria, ule tunaougombania watoto na wakubwa. Mtandio anaojitanda mama kichwani umetoka humo humo, na kitanda nacho ni ndugu yao.

Hapo kwenye kitanda ndipo pananivutia. Nazungumzia cha kamba, siyo hivi vya mbao za kupiga misumari. Nilipokuwa mdogo nilikaa nikimtazama babu akikiwamba. Anafunga kamba upande mmoja wa mbao, anaipeleka hadi upande wa pili, anaivuta mpaka mishipa ya mkono inamtoka, anaizungusha na kurudi nayo. Akishamaliza za upande huo, anaigonga mojawapo kwa kidole. Ikilia kama zeze, anaridhika. Ikinyamaza, anaifungua. Baada ya hapo ndipo anaanza zile za kukatisha, juu ya hii, chini ya ile. Siku moja panya alikata kamba moja tu pembeni, na babu aliyelala katikati akaamka kiuno kimegusa sakafu.

Wafumaji wa nguo wa zamani walikuwa na maneno ya hatua hizo mbili. Nyuzi zinazotandwa kwanza, zimenyooka na kukaza, ni mtande. Ule uzi unaokuja kupita katikati yake ni mshindio. Chombo chenyewe cha kufumia kiliitwa kitanda cha mfumi. Sasa angalia. Kutokana na kutandaa tumepata mtandao. Kutokana na kufuma, kama mama zetu wanavyofuma vitambaa vya makochi, tumepata mfumo. Kiswahili kimeyatoa maneno yote mawili kwenye kazi ya nguo, na kimeyapa mpangilio wake: unatanda kwanza, halafu unafuma. Mtandao ni kile kilichovutwa kutoka hapa hadi kule kikakaza. Mfumo ni kazi iliyopitishwa juu yake, kama programu ya kupokea taarifa ya moto, kuchagua gari lililo karibu na kulituma. Mfumo unaweza kulala mtandao ukiwa mzima. Mtandao ukilegea, mfumo utaanguka nao, kama babu.

Na kabla hujaniambia kwamba mtandao ni neno la kompyuta, wakulima walianzisha MVIWATA mwaka 1993. Kirefu chake ni Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania. Mwaka 1993 mkulima gani alikuwa na intaneti? Walichomaanisha ni vikundi vilivyoshikana mikono toka wilaya hadi wilaya, na walilitumia neno sawasawa kuliko sisi wenye simu za mgongo wa kioo. Hata polisi wanaposema wamenasa mtandao wa majambazi, wako sahihi.

Intaneti ni mtandao mmoja mkubwa sana ulioundwa kwa kuunganisha mitandao. Mitandao ipo mingi isiyokuwa intaneti na isiyotaka kuwa. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilipofikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, watu wa hapa walisema "mtandao umepanda mlimani," na kwa bahati tu walipatia, kwa sababu kulikuwa na kitu kilichotandwa kweli kupanda mlima. Miaka miwili kabla, Oktoba 2020, moto ulipowaka mlima huo huo, walikuwepo askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi na wanakijiji, watu wa makundi mbalimbali kwenye mteremko mmoja. Mwenye kazi kama hiyo hahitaji kutazama video. Anahitaji kujua moto umevuka bonde lipi, sasa hivi, na ajulishwe pamoja na wenzake wote.

Basi kwa nini Wamarekani wasihame tu? Kwetu, tangu Machi 2017, mtu anaweza kuhama kampuni ya simu na namba yake ile ile. Anayehama haondoi chochote. Minara inabaki ilipokuwa, anachobadilisha ni kile anachojishikiza. Ni kama kutoka kitanda hiki kwenda kulala kingine ambacho mwingine alishakiwamba.

Kitanda cha zimamoto ni habari nyingine. Miaka ya tisini polisi wengi wa Marekani walikuwa na kompyuta ndani ya magari zinazotumia teknolojia iitwayo CDPD. Ilikuwa akili nzuri. Data ilipenyezwa kwenye mianya ya mtandao wa simu za analojia, pale ambapo hakuna mtu anayezungumza. Kasi yake ya juu kabisa ilikuwa biti 19,200 kwa sekunde. Kwa kuulizia namba ya gari ilitosha. Lakini chukua picha moja ya simu ya leo, yenye megabaiti 2, uipitishe humo. Itachukua karibu dakika 14, na hapo hakuna mwingine anayegombea njia. Nyumba imeshaungua, jirani wameshaanza kusimuliana.

Halafu CDPD ilikuwa mshindio, wala haikuwa na mtande wake. Ilipanda juu ya simu za analojia za kampuni za biashara. Kampuni zilipogeukia dijitali, zikaizima, miaka ya 2004 na 2005, na idara za polisi zikajikuta zinatafuta pa kuegemea. Sisi tunaikumbuka hali hiyo kwa televisheni. Mwaka 2013 analojia ilipozimwa Arusha na Moshi, televisheni yako ilikuwa nzima kabisa, inawaka, na haina cha kuonyesha mpaka ununue king'amuzi. Mtandao unaweza kuzeeka ukakuacha na kifaa kipya mkononi.

New York wao wakaamua kutanda cha kwao. Mwaka 2006 jiji liliingia mkataba wa dola milioni 500 kujenga NYCWiN, mtandao wa data wa jiji lenyewe, uliotumiwa na polisi kwa kamera za kusoma namba za magari, na pia kwa taa za barabarani. Tarehe 6 Aprili 2019 ukaanguka. Hakuna mnara uliodondoka. Minara hupokezana zamu za kurusha, na ili ipokezane lazima isome saa moja, na saa hiyo inatoka kwenye satelaiti za GPS. GPS ya zamani inahesabu wiki kuanzia 0 hadi 1,023, kisha inarudi 0, kama mita ya bodaboda iliyojaa. Mzunguko huo ni miaka 19 na miezi saba hivi. Ulipotimia usiku ule, vifaa ambavyo havikuwa vimeandaliwa vikaamini tumerudi nyuma karibu miaka ishirini. Kamba zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyolia. Baadaye jiji liliuacha mtandao ule na kuegemea kampuni za simu.

"Si ndiyo hayo niliyosema?" mzee angeniuliza. "Wamenunua laini!" Ngoja kidogo, mzee wangu. Wengi wanarudi kwenye kampuni za simu, ni kweli, ila hawarudi kama wewe na mimi. Nenda uwanjani siku ya mechi kubwa, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, ujaribu kutuma picha. Minara ipo, alama zote za simu zimejaa, na picha inazunguka tu. Mnara hauna ubaguzi, unampanga askari wa uokoaji kwenye foleni moja na anayerusha goli laivu. Arusha ina uwanja wa AFCON 2027, na hilo ndilo swali ambalo ningependa liulizwe kuhusu siku kama hizo, kabla ya bei ya simu za mkononi.

Marekani walilijibu kwa sheria. Mwaka 2012 Bunge lao lilianzisha FirstNet, mtandao wa nchi nzima wa vikosi vya dharura, na kuipa masafa yake yenyewe, megahezi 20 kwenye eneo la megahezi 700, kisha mwaka 2017 kampuni ya simu ya AT&T ikapewa kuijenga na kuiendesha kwa miaka 25. Laini ya zimamoto humo inapishwa. Minara ikijaa, mtumiaji wa kawaida anasogezwa, hata kuondolewa kabisa, kama daladala inavyobana pembeni king'ora kikilia nyuma yake. Kwa macho ni simu kama simu nyingine. Tofauti iko kwenye mtande, na mtande hauonekani ukishalala juu yake.

Nao Waingereza wanaweza kukusimulia kwa nini bei inafika kule ilikofika. Polisi, zimamoto na magari yao ya wagonjwa wanatumia mtandao uitwao Airwave, wa teknolojia ya redio za dijitali iitwayo TETRA. Mwaka 2015 walisaini mikataba ya kutanda mwingine, wakitarajia wa zamani uzimwe 2019. Mwaka 2019 ukapita, Airwave ikabaki inawaka, na kulipiwa, huku mpya nao unalipiwa. Huwezi kuuzima Ijumaa na kuwasha mwingine Jumatatu, kwa sababu Jumamosi kuna nyumba itaungua. Inabidi miwili iishi pamoja mpaka kona ya mwisho ya nchi ijaribiwe, na chini ya madaraja, na ndani ya vyumba vya chini vya majengo.

Kazi hiyo Kiswahili kinayo. Kinyume cha kutanda ni kutandua. Mama anatandua mkeka, anatandua mashuka. Wale wa kwenye habari ya kijana wa bodaboda wanatandua kitanda cha kamba na kukitanda upya, kamba kwa kamba, mgonjwa akiwa bado amelala juu yake.

Kwa hiyo, mzee wangu wa kashata, shikamoo naitanguliza. Jioni ile ulipotamka "wahame mtandao," ulisema wahame kampuni, na hilo kwa namba yako lingekugharimu foleni fupi dukani. Wao sema "wanatandua mtandao." Na yule binti wa dirishani, kwenye ofisi moja mjini, aliyenirudisha nyumbani mara mbili kwa "mtandao uko chini" huku simu yake ikicheza muziki kwa intaneti ile ile ya ofisi, sina ugomvi naye. Kesho nikienda mara ya tatu nitamwomba tu aseme mfumo.