Ushirikiano wa kimkakati ni nini? Mfano wa Ufaransa na Kazakhstan

Marais wawili wakishashikana mikono mbele ya bendera, taarifa ya habari husema nchi zao "zimeingia katika ushirikiano wa kimkakati". Neno zito, ila maana yake ni nyepesi kuliko linavyosikika. Nchi mbili zimekubaliana kwa maandishi kukutana mara kwa mara na kupeana kipaumbele katika mambo fulani, basi. Si muungano wa kijeshi: mmoja akivamiwa, mwenzake halazimiki kupeleka hata askari mmoja. Wala si soko la pamoja.

Tazama Ufaransa na Kazakhstan. Zilianzisha uhusiano wa kibalozi Januari 1992, wiki chache tu baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, zikasaini mkataba wa ushirikiano wa kimkakati 2008. Lakini kinachozishikanisha hasa kiko kusini mwa Kazakhstan, kwenye machimbo ya urani, madini yanayotumika kama nishati ya vinu vya nyuklia. Yanaendeshwa na Katco, kampuni ya ubia iliyoundwa 1996. Orano, kampuni ya nyuklia ya Ufaransa, ina asilimia 51 ya hisa, na Kazatomprom, kampuni ya taifa ya Kazakhstan, ina 49. Ukifika huko usitafute shimo wala mchimbaji mwenye taa kichwani. Ni nyika kavu iliyojaa vichwa vya mabomba. Maji yenye tindikali ya salfa husukumwa chini, yakayeyusha urani iliyomo mchangani, kisha yakavutwa juu kwa visima vingine.

Ufaransa inaihitaji kweli urani hiyo. Karibu theluthi mbili ya umeme wake hutoka kwenye vinu vya nyuklia, na mgodi wake wa mwisho wa urani ulifungwa 2001. Kazakhstan peke yake huchimba takriban asilimia 40 ya urani ya dunia. Mlango mwingine wa kupatia urani ulikuwa Niger, lakini baada ya mapinduzi ya Julai 2023 ulianza kufungwa, hadi 2025 serikali ya kijeshi ikataifisha mgodi wa urani wa Somaïr, uliokuwa ukiendeshwa na Orano. Rais Macron wa Ufaransa alitua Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, tarehe 1 Novemba 2023. Sidai kwamba Niger ndiyo iliyompeleka, ila tarehe hizo zinafuatana mno.

Kazakhstan nayo ina hesabu zake. Imebanwa kati ya Urusi na China, haina pwani ya bahari kuu, na mafuta yake mengi hukatiza ardhi ya Urusi hadi bandari ya Novorossiysk. Kwa hiyo hufuata sera ya pande nyingi, yaani kuwa na marafiki wengi ili isimpigie magoti yeyote. Hati za aina hiyohiyo imesaini pia na China na Italia.

Oktoba 2024 wananchi wa Kazakhstan walikubali kwa kura ya maoni kijengwe kituo cha umeme wa nyuklia. EDF, kampuni ya umeme ya Ufaransa, ilikuwa miongoni mwa waliowania kazi hiyo. Juni 2025 ikatangazwa kwamba Rosatom, kampuni ya nyuklia ya serikali ya Urusi, ndiyo itakayoongoza ujenzi. Mkataba wa 2008 haukuwa ahadi ya zabuni.