Kwenye kapilari hakuna mbio, kila protini na kituo chake

Nikisema natenganisha protini kwa chaji watu wanadhani ni mbio, yenye chaji kubwa inawahi kufika nyingine zinafuata nyuma. Mbinu hiyo ipo kweli, ila mimi natumia isoelektriki fokasingi ya kapilari na humo hakuna anayewahi, kila moja inatafuta pake inatulia.

Chukua hemoglobini ya mtoto anayepimwa selimundu. Naichanganya na amfolaiti, yaani molekuli ndogo zinazoweza kubeba chaji chanya au hasi, naijaza kwenye kapilari, kijibomba cha silika chenye tundu la mikromita 50, halafu ncha moja (anodi, upande chanya) nachovya kwenye asidi ya fosforiki na nyingine (kathodi, upande hasi) kwenye sodiamu haidroksaidi, nawasha volti maelfu kadhaa. Amfolaiti zinajipanga zenyewe, basi pH, kipimo cha uasidi, inapanda taratibu toka anodi hadi kathodi. Hemoglobini iliyoko upande wa asidi ina chaji chanya kwahiyo inavutwa kwenda kathodi, lakini kila ikisogea chaji inapungua mpaka inafika sifuri, inasimama. Ikiteleza kidogo tu inapata chaji tena na kurudishwa, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Sasa tofauti ya hemoglobini A (ya kawaida) na S (ya selimundu) ni ndogo mno: kwenye mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda hemoglobini, nafasi ya 6, amino asidi ya glutamiki yenye chaji hasi imeondoka kaingia valini isiyo na chaji. Minyororo ya beta iko miwili, kwahiyo chaji hasi mbili tu zimepotea, basi. Lakini A inasimama karibu na pH 7 na S karibu na 7.2, na kwenye grafu unaona vilele viwili vimeachana (kwa kichanga kuna cha F pia, hemoglobini ya tumboni, usikichanganye).

Kujua kama zimeshatulia mimi siangalii saa, naangalia karenti. Inaanza juu halafu inashuka, maana molekuli zisizo na chaji hazibebi umeme. Siku moja ikagoma kushuka, ikawa inarukaruka tu kisha ikakata kabisa, nikalaumu mashine wee, kumbe sampuli sikuitoa chumvi! Chumvi ilipandisha karenti, kapilari ikapata moto, likaingia povu la hewa katikati. Nikasafisha nikaanza upya, na sampuli yenyewe ilikuwa tone moja.