Kugongana kwenye besi: tuanze na miguu ya mdakaji

Mi ni ampaya, yaani mwamuzi, wa softiboli ya wasichana huku Marekani, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo kisha kukimbia kwenye vituo vinne viitwavyo besi, na kila msimu nakutana na wazazi, wengine ni wenzetu kabisa waliotoka Nairobi au Dar ambao mabinti zao wameanza kucheza juzi juzi tu, wanauliza kitu kile kile mtoto akigongwa: jamani, yule binti si alikuwa anamwona mwanangu, kwa nini hakusimama? Naelewa uchungu wao kabisa, ila mara nyingi anayelaumiwa siye mwenye kosa. Yule anayekimbia ana futi 60 tu, mita 18 na kidogo, kutoka besi hadi besi, anazimaliza kwa sekunde tatu na ushee, macho yako kwenye besi na masikio yako kwa kochi, hawezi kufunga breki ghafla. Mwenye uwezo wa kuizuia ajali ni mdakaji, yaani mchezaji yeyote wa timu inayolinda uwanja, maana yeye ndo anachagua asimame wapi kabla mwenzake hajafika.

Kanuni yenyewe wala si ngumu, jiulize tu mpira umetoka wapi. Kama umetoka kwenye gongo, yaani umepigwa na unadunda kuingia uwanjani, njia ni ya mdakaji anayeufuata, mkimbiaji lazima amzunguke hata kama kasimama katikati kabisa ya mstari, akimparamia mchezo unasimamishwa na anatolewa. Kama umetoka mkononi, yaani umerushwa na mchezaji mwenzake, hapo njia ni ya mkimbiaji mpaka mdakaji awe ameushika. Awe ameushika, sio anakaribia kuushika. Zamani vyama vya Marekani vilimruhusu anayekaribia kupokea mpira azibe besi, baadaye vingi vikaifuta ruhusa hiyo na mi nashukuru sana. Kwa hiyo ukiona ampaya kanyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi imefumbwa, na mchezo bado unaendelea, ujue anaonyesha kwamba mkimbiaji amezuiwa, na mwisho wa tukio atampa besi ambayo angeifikia.

Sasa tatizo kubwa ninaloliona ni makochi wanaopiga kelele "ziba besi!" kwa mtoto wa miaka 10 ambaye hana mpira. Aisee hiyo inaniuma kweli. Mtoto anatii, anaweka goti au mguu mbele ya besi, shingo imegeuka kuutafuta mpira, hata hamwoni anayekuja. Kecha, yule mdakaji wa besi ya nyumbani, ndo anaumia zaidi, pamoja na kwamba amevaa helmeti na kinga za kifua na miguu, kwa sababu mkimbiaji anakuja besi hiyo ya nyumbani, ambako pointi inapatikana, na kasi yote aliyoipata tangu besi ya tatu. Mfundishe asimame mbele kidogo ya besi ya nyumbani, upande wa ndani ya uwanja, aache njia ionekane wazi, apokee mpira kwanza ndo ageuke na kumgusa mkimbiaji ili atolewe. Watu wanasema utaruhusu pointi, sikubali, mpira ukirushwa vizuri glovu inafika mapema tu, na ukirushwa vibaya hata ungeziba na mwili mzima usingepata kitu zaidi ya filimbi yangu... samahani, sisi hatupigi filimbi, tunapaza sauti, ila umenielewa.

Mpira uliorushwa vibaya ndo chanzo kingine, hasa besi ya kwanza. Shotistopu, mdakaji wa kati ya besi ya pili na ya tatu, anarusha haraka, mpira unavutwa kuelekea upande wa nyumbani, mdakaji wa kwanza anaufuata na mkono unaingia moja kwa moja kwenye njia ya mpigaji anayekimbia. Hapo nawaambia makochi wafundishe neno moja, "acha!", mtoto aruhusiwe kuuacha mpira upite. Besi moja ya bure haina thamani ya kifundo cha mkono.

Alafu kuna besi pacha, nyeupe na ya chungwa zikiwa zimeungana pale ya kwanza, nyeupe iko ndani ya uwanja na ya chungwa iko nje ya mstari. Mdakaji anatumia nyeupe, mpigaji akikimbia kuwahi anakanyaga ya chungwa, kila mmoja na pake. Besi moja ina upana wa inchi 15, karibu sentimita 38, na hizo zinatosha miguu isikanyagane. Ila lazima mazoezini wazoee, maana nimeona timu zimewekewa besi pacha na watoto wote wawili wanakimbilia nyeupe.

Kuteleza, yaani kujitupa chini na kuserereka hadi besi, nako kufundishwe mapema, kwenye nyasi zenye maji, soksi tu bila viatu, mguu mmoja umekunjwa chini ya mwingine kama namba 4, aanze mita mbili na nusu au tatu kabla ya besi, sio juu yake. Little League, shirika la ligi za watoto, hairuhusu watoto wa madaraja ya chini kuteleza kichwa mbele wakati wa kwenda besi inayofuata, na mdakaji kujifanya anagusa wakati hana mpira ni kosa vilevile, kwa sababu mwenzake anaanguka kuteleza ghafla bila mpango na vifundo ndo vinaenda hapo.

Na besi zenyewe jamani. Mwaka 1988 daktari David Janda wa Michigan alichapisha kwenye jarida la tiba la JAMA utafiti wake wa softiboli ya burudani: mechi zaidi ya 600 kwenye besi zilizofungwa ardhini zilileta majeraha 45 ya kuteleza, na idadi karibu hiyo hiyo ya mechi kwenye besi zinazochomoka zikigongwa zilileta 2. Kwa hiyo kabla hujalipa ada ya msimu, muulize msimamizi wa ligi besi zao zinachomoka au hazichomoki, na kama pale ya kwanza kuna ya chungwa. Akisema hawana bajeti, wazazi mnaweza kuchangia, besi pacha ni moja tu kwa uwanja.