Skrini ya bluu maana yake nini hasa

Peleka kompyuta ya mezani kwa fundi Dar es Salaam, mwambie inakuletea skrini ya bluu, ile inayotokea Windows inapokwama na kusimama ghafla. Kabla hujamaliza kueleza ameshakujibu: "Hiyo tunapiga window tu, bosi, jioni unachukua." Kupiga window ni kufuta kilichomo na kuweka Windows upya. Jioni unaichukua kweli, inawaka vizuri, unalipa, unashukuru. Siku ya nne uko katikati ya kazi, skrini inageuka bluu, na kale kauso ka huzuni kanakutazama tena.

Najiundia kompyuta mwenyewe, na huwaundia ndugu na majirani, kwa vipuri vya kununua kimoja kimoja Kariakoo, vingine vipya, vingine mtumba. Nimeona watu wengi wanaichukulia bluu kuwa ugonjwa, ndiyo maana wanaitafutia dawa moja ya kila siku. Mimi naichukulia kama barua. Imeandikwa kwa haraka na kwa lugha ngumu, lakini ni barua, na kupiga window kabla ya kuisoma ni kuichana.

Tuanze na inakotoka. Windows ina pande mbili. Upande mmoja zinakaa programu unazofungua mwenyewe: kivinjari, Word, gemu la mpira. Hizi zimewekewa mipaka. Haziruhusiwi kugusa kumbukumbu ya jirani (sehemu aliyopewa kwenye RAM, kipuri kinachoshika yanayoendelea kwa sasa) wala kuamrisha vifaa moja kwa moja, kwa hiyo mojawapo ikikosea, Windows inaifunga hiyo peke yake na nyingine zinaendelea. Upande wa pili iko kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, pamoja na draiva nyingi, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuzungumza na kadi ya picha, kadi ya mtandao, sauti na vinginevyo. Huku hakuna mipaka ya namna ile. Kosa likitokea huku, hakuna mkubwa aliye juu yake wa kulifunga.

Mfikirie mweka hazina wa kikoba. Sanduku limefunguliwa, na fedha iliyomo haisomani na daftari. Mweka hazina mwenye akili haendelei kupokea hisa za wiki hiyo akijisemea yatajulikana mbele ya safari. Anasimamisha kikao, sanduku linafungwa, anaandika alichokikuta. Wanachama watanung'unika, ila kila mstari ambao angeuandika juu ya hesabu mbovu ungezidisha uharibifu. Kerneli hufanya vivyo hivyo. Ikikuta jambo ambalo halitakiwi kuwepo kabisa, kwa mfano draiva inataka kusoma sehemu ya kumbukumbu isiyokuwepo, inasimamisha kila kitu kwa makusudi, kabla takataka hazijaandikwa kwenye diski yako. Inaandika jina la kosa kwenye skrini, inahifadhi sehemu ya yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ndani ya faili, ndiyo ile asilimia unayoiona ikipanda, kisha inajiwasha upya. Umepoteza dakika kumi za kazi, lakini diski yako imesalimika.

Rangi isikushughulishe. Kauso kalikuja na Windows 8 mwaka 2012, ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu ikaja kwenye Windows 10 mwaka 2016, na mwaka 2025 Microsoft ikaanza kuigeuza skrini yenyewe kuwa nyeusi kwenye Windows 11. Mafundi wataendelea kuiita bluu, nami nitawaunga mkono. Na ukitaka kujua uzito wa upande ule usio na mipaka, kumbuka tarehe 19 Julai 2024: faili moja lenye kasoro, lililosomwa na draiva ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani kwa makadirio ya Microsoft. Zilikuwa mashine nzima, vipuri vizima, ila draiva moja ilisoma kitu kibovu.

Sasa kuna swali ambalo huwa nauliza kabla ya yote: uliona maandishi, au uliona giza? Maana watu hunipigia simu wakisema bluu, nikienda nakuta kompyuta inazima tu, papo hapo, bila neno. Hiyo si bluu. Windows haikupata hata nafasi ya kuandika barua. Umeme umeshuka kwa nukta moja, friji limestuka kwenye ekstensheni hiyohiyo, pawa saplai ya bei poa imezidiwa, au prosesa, ubongo wa kompyuta, imechemka hadi mashine ikajikata yenyewe. (Siku moja ilikuwa LUKU imeisha. Nilitoka Sinza mpaka Mbagala kwa ajili hiyo.) Ukifungua kumbukumbu za matukio za Windows (Event Viewer) utakuta mstari ulioandikwa Kernel-Power 41, na wengi wakiuona wanadhani wamepata jina la ugonjwa. Wenyewe unasema tu kwamba mara ya mwisho mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Kwa giza, anza na umeme na joto: fungua kasha, puliza vumbi kwa blowa huku umezuia feni zisizunguke, angalia kama feni ya prosesa inazunguka na kama imekaa sawasawa juu ya prosesa. Mji huu mwezi wa pili, chumba kisicho na dirisha la maana, mashine imesukumwa chini ya meza ukutani, unategemea nini?

Kama uliona maandishi lakini yakapita mbio, iambie Windows isijiwashe upya. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo barua itabaki mezani mpaka uisome. Chukua daftari, au piga picha kwa simu, na uandike mambo matatu kila inapotokea: jina la kosa, jina la faili kama limetajwa, na ulikuwa unafanya nini.

Jina moja halitoshi kukuambia kitu. Ukishakuwa na matano ndipo barua zinaanza kusomeka pamoja.

Majina yakiwa yaleyale kila mara, na faili ni lilelile lenye mwisho wa .sys, mshukiwa wa kwanza ni draiva yenye faili hilo au kifaa inachokihudumia. Ukiona nvlddmkm.sys, hiyo ni ya kadi za picha za Nvidia. Mara nyingi huja na jina VIDEO_TDR_FAILURE, maana yake kadi ya picha iliitwa, haikuitika kwa wakati, ikajaribiwa kuamshwa, ikashindikana. Ondoa draiva hiyo kabisa, uweke nyingine kutoka kwa mtengenezaji wa kadi mwenyewe, na kama tatizo lilianza baada ya kuapdeti, rudi kwenye toleo la nyuma. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mkupuo, mimi huwa naziondoa nikizikuta kwenye mashine ya mtu, hata sijaulizwa.

Tahadhari na jina moja: ntoskrnl.exe. Hilo ndilo kerneli lenyewe, na programu za kusoma lile faili linalohifadhiwa mashine ikianguka hulitaja mara kwa mara kama mkosaji. Lichukulie kama mjumbe wa nyumba kumi. Wizi ukitokea mtaani taarifa inapelekwa kwake, jina lake linaonekana kwenye kila karatasi, lakini si yeye aliyeiba.

Majina yakibadilika kila siku, hapo ndipo kupiga window kunakopoteza fedha za watu. Kuna kijana wa Tabata anayehariri video za harusi na send-off. Mashine yake tuliiunda wote, na ilipoanza kuanguka mara tatu nne kwa siku aliona aibu kunisumbua, akaipeleka kwa fundi. Ikapigwa window mara mbili ndani ya mwezi. Aliponitafuta nilimwambia aandike. Baada ya wiki akaja na daftari la shule, amepiga mistari kwa rula: Jumatatu MEMORY_MANAGEMENT, Jumanne IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, Jumatano PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, Alhamisi la kwanza tena lakini akiwa anasikiliza muziki tu. "Kaka, nimeandika kama ulivyosema," akasema, "ila mbona hayaeleweki? Kila siku lake."

Kutoeleweka kwenyewe ndiko kulikokuwa jibu. Draiva mbovu ina tabia yake, inakosea palepale. RAM mbovu haina tabia. Inapokea namba hii na kurudisha nyingine, na kosa linamwangukia yeyote aliyekuwa ameweka mzigo wake kwenye sehemu ile ya kumbukumbu kwa wakati ule: leo draiva ya sauti, kesho kerneli, keshokutwa faili la video. Fikiria pia kilichotokea wakati wa kupiga window. Kila faili la Windows mpya lilipita kwenye RAM hiyohiyo kabla ya kutua kwenye diski, kwa hiyo inawezekana kabisa mengine yalifika yakiwa yameshaharibika, na mashine ikatoka kwa fundi ikiwa mbovu kuliko ilivyoingia.

Alikuwa na RAM mbili za GB 8, moja tulinunua siku ya kwanza, nyingine aliiongeza mwenyewe baadaye. Tulianza na yale yasiyogharimu. Tuliingia BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, tukazima XMP, ule mpangilio unaoiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Ni kasi ya kuongeza, na si kila mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) na prosesa zinaimudu, hasa ukichanganya RAM za aina mbili. Tukachomoa zote mbili. Meno yake yale ya rangi ya dhahabu tukayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, maana hewa ya pwani na vumbi huacha utando, tukapangusa, tukarudisha moja tu mpaka vishikio vikalia. Kisha tukaweka MemTest86 kwenye flashi, tukaiwasha mashine kutoka kwenye flashi bila kuingia Windows kabisa.

Programu hii kazi yake ni kuandika namba kwenye RAM na kuisoma tena kama imebaki vilevile. RAM ya kwanza ilikesha usiku mzima bila kosa. Ya pili haikumaliza hata nusu saa, mistari myekundu ikaanza kushuka. Tukaihamishia sloti nyingine, ile ambamo ya kwanza ilikuwa imekesha salama, makosa yakaifuata. Hatua hiyo usiiruke: makosa yangebaki kwenye sloti, tungekuwa tunazungumza habari ya mazabodi, na hapo maumivu ni makubwa zaidi. Kosa hata moja linatosha kuikataa RAM. Hakuna kosa dogo katika kazi ya kukumbuka namba.

Kupiga window kunakuja hapa mwishoni, kipuri kibovu kikishatoka. Au jaribu kwanza sfc /scannow kwenye dirisha la amri la msimamizi (Command Prompt uliyoifungua kwa Run as administrator). Inakagua mafaili ya mfumo na kuyarekebisha, kazi zako hazifutwi. Jina kama CRITICAL_PROCESS_DIED linaweza kutokana na mafaili ya mfumo yaliyoharibika, au diski inayoelekea kufa, kwa hiyo nakili kazi zako kabla ya ushujaa mwingine wowote. Na ukikutana na WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, hiyo ni mashine yenyewe inaripoti kosa la vifaa: rudisha BIOS kwenye mipangilio ya mwanzo, pima joto, kisha umtazame kwa jicho baya pawa saplai wako. Kwenye lebo ameandikiwa wati 500. Lebo inachapishwa na yeyote.

Tuliirudisha ile RAM dukani siku iliyofuata. Muuzaji aliichomeka kwenye mashine yake, Windows ikafunguka, akatugeukia mikono wazi: "Mbona inawaka?" Kijana akamwonyesha picha ya mistari myekundu kwenye simu. Jamaa akaitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole, akaguna. Hakubisha zaidi. Akafungua droo, akampa nyingine, na ile mbovu akaitupia ndani ya droo hiyohiyo, pamoja na zile alizokuwa akiuza.

Hiyo mpya tuliipima usiku uleule.