Daktari wa Mifugo Hasomei Kuchoma Sindano Tu

Kuanzia minadani Misungwi hadi vijiji vya wavuvi Sengerema, utasikia kauli ileile: daktari wa mifugo ni mtu aliyekosa alama za kutibu binadamu, akafundishwa kuchoma sindano. Si kweli, na imani hiyo inawaumiza wafugaji wenyewe.

Shahada ya udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huchukua miaka 5. Mwanzoni ni darasani na maabara: maumbile ya mwili, vimelea, dawa. Na mwili wenyewe si mmoja. Ng'ombe ana tumbo la vyumba 4, kuku hana meno, na paracetamol inayomtuliza mtoto homa inaweza kumuua paka.

Kisha huja mafunzo kwa vitendo, na hapa ndipo daktari hupatikana. Mwanafunzi huvaa glovu inayofika begani, akapitisha mkono kwenye njia ya haja kubwa ya ng'ombe na kupapasa kizazi asichokiona, mpaka vidole vizoee kutambua mimba changa. Akishuku ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, hushika tezi iliyovimba chini ya sikio, huvuta majimaji kwa sindano, huyapaka kwenye kioo, huyatia rangi, kisha hutazama kwa hadubini. Mgonjwa wake hawezi kumwambia anaumwa wapi.

Wengi tunaowaona zizini huku Kanda ya Ziwa ni wahitimu wa cheti au stashahada, ngazi zinazofundishwa kwenye kampasi ya LITA, wakala wa serikali wa vyuo vya mifugo, pale Mabuki, Misungwi. Nao hawakuishia ubaoni.